Mbona picha imekatika?

"Mjomba, kopi mbovu hii. Picha imekatika."

Mpwa wangu alikuwa ameshanyakua rimoti. Akarudisha nyuma, tukaangalia tena: gari dogo linatoka uani taratibu, ndege wametanda juu ya paa, juu ya uzio, juu ya kila kitu mpaka macho yanapokoma, na mwanga wa alfajiri unapenya mawinguni. Gari linakwenda zake. Basi. Neno "Mwisho" halipo.

Haikukatika. Ndivyo inavyokwisha The Birds, sinema ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1963, na watu wamekuwa wakiunung'unikia mwisho huo kwa zaidi ya miaka 60. Ilifungua tamasha la Cannes mwaka huohuo na wahakiki wakagawanyika. Sebuleni kwangu Jumamosi iliyopita hakukuwa na mhakiki. Tulikuwa mimi, mpwa wangu anayesoma chuo, jirani aliyekuja kwa ajili ya mpira akabaki kwa ajili ya kahawa, na mama mkwe, ambaye amekuja kututembelea kutoka Tanga na hana mazoea ya kulala mapema. Kila mmoja aliondoka na maoni yake, na hakuna yaliyofanana na ya mwenzake.

Kisa chenyewe ni chepesi. Melanie Daniels, binti wa mwenye gazeti huko San Francisco, anapendezwa na mwanasheria mmoja mwenye maneno ya kejeli, Mitch Brenner. Anamfuata hadi Bodega Bay, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa jiji hilo, akiwa na jozi ya kasuku wadogo kwenye tundu, zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mdogo wake Mitch. (Jamii ya kasuku hao asili yake ni Afrika, na aina mbili makao yao ni Tanzania. Nilipolisema hilo mama mkwe aliguna tu.) Akiwa ndani ya mashua, shakwe anashuka na kumdonoa kichwani. Kuanzia hapo ndege wa kijiji kizima, shakwe, kunguru, hata videge mfano wa shomoro, wanawageukia binadamu. Kwa nini? Hatuambiwi.

Mpwa wangu alishatoa hukumu kabla ya nusu saa. Ndege wamebandikwa, alisema, wanaonekana kama stempu. Siwezi kumbishia sana. Kuna shakwe ambao kingo zao zinang'aa, na watoto wanapokimbia kuteremka kilima inaonekana wazi kwamba wao wako studio na barabara iko kwingine. Kwa wakati wake kazi hiyo ilikuwa ya ajabu: Ub Iwerks, fundi wa Disney, alitumia taa za sodiamu na kamera maalumu kuwatenganisha ndege na mandhari yao, kisha wakachanganywa na ndege hai waliofunzwa na ndege wa kuundwa. Ikapendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya hila za picha, ikashindwa na Cleopatra. Lakini kijana aliyekulia kwenye michezo ya kompyuta hadaiwi amwonee huruma fundi wa 1963.

Nilichokiona mimi ni kwamba alinyamaza palepale ambapo ndege hawafanyi kitu.

Ni pale nje ya shule. Melanie ameketi kwenye benchi, anamsubiri mwalimu amalize kipindi. Ndani watoto wanaimba wimbo usioisha, ubeti juu ya ubeti, kama zile nyimbo za safarini kwenye basi la shule. Nyuma yake kuna vyuma vya watoto kuparamia. Kunguru mmoja anatua. Melanie anawasha sigara. Tunaonyeshwa vyuma tena: kunguru wanne. Anavuta. Kisha kamera inamganda usoni, haitaki kutoka. Sigara inaungua, watoto wanaimba, na wewe unajua kuna kitu kinaendelea nyuma ya mgongo wake lakini huonyeshwi. Hatimaye anamwona kunguru mmoja angani. Anamfuata kwa macho, polepole, mpaka anapotua, na pale vyuma havionekani tena. Ni weusi mtupu.

"Geuka basi!" jirani alimpigia kelele, kahawa mkononi. Mpwa wangu alikuwa ameshaweka simu chini.

Hitchcock aliwahi kumweleza mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut tofauti ya mshtuko na taharuki. Bomu likilipuka chini ya meza bila taarifa, mtazamaji anashtuka mara moja, imekwisha. Ukimwonyesha bomu mapema, halafu ukawaacha watu mezani wapige soga za kawaida, umempa dakika kumi na tano za kuteseka. Ndiyo hesabu ya benchi lile. Na hakuna muziki wa kukushika mkono ukujulishe lini uogope. Katika sinema yake ya Psycho, miaka mitatu nyuma, mtunzi wa muziki Bernard Herrmann alizipigisha kelele fidla mpaka watu wakaogopa kuoga. Hapa Herrmann yumo kama mshauri tu wa sauti, okestra haipo. Vilio na mbawa tunazozisikia nyingi zilitengenezwa Berlin na Oskar Sala kwa ala ya umeme iitwayo Trautonium. Mama mkwe alizisikia mara moja. "Hawa si ndege," alisema. "Ndege halii hivi."

Jirani yangu alikulia kwenye vibanda umiza, enzi za kanda, ambako mtafsiri anakaa na kipaza sauti na kukueleza kila kitu, hata kile ambacho mwongozaji mwenyewe hakukifikiria. Kwake picha ina steringi, ina adui, na adui ana sababu. "Steringi gani huyu anapigilia mbao tu madirishani?" aliuliza, na kwa kweli kuelekea mwisho Mitch yuko na nyundo mkononi. Nilijaribu kufikiria mtafsiri wa kibandani angesema nini kwenye picha hii. Angekaukiwa. Mama yake Mitch anapoingia kwa jirani yao mfugaji asubuhi hakuna anayemjibu. Anatazama jikoni, anaona vikombe vinaning'inia kwenye ndoano vikiwa vimebaki mishikio tu. Anavitazama kitambo. Sisi tunashangaa vikombe vina nini, lakini yeye usiku uliopita alikuwa akiokota vigae vya vikombe vyake baada ya ndege kumiminika kupitia dohani, kwa hiyo ameshaelewa. Anatembea ukumbini hadi chumbani. Anachokiona tunasogezwa kukiona mara tatu, kila mara karibu zaidi, kimya. Anatoka mbio, mdomo wazi, sauti haitoki.

"Lakini sababu ni nini?" jirani hakukubali. "Lazima iwepo."

Na hapa ndipo ninapowaambia rafiki zangu kwamba hawana haja ya kubishana, maana ubishi wao wote umo ndani ya picha yenyewe. Baada ya mkasa wa shule, wanakijiji wanakutana kwenye mgahawa wa bandarini, na kinachofuata ni baraza hasa, la kahawa na bao, ila bao halipo. Bibi mmoja mtaalamu wa ndege, kofia imemkaa upande, anasema ndege hawana akili ya kupanga vita, na kwamba wa aina tofauti hawaruki pamoja. Wangefanya hivyo tungekwisha, kwani duniani wapo zaidi ya bilioni mia moja. Mlevi kwenye kaunta anatangaza kwamba dunia imefika ukingoni. Msafiri mfanyabiashara anataka wauawe wote. Mvuvi analalamikia mashua yake. Mama mwenye watoto wawili anawaomba wanyamaze, wanawatisha wanawe. Na katikati ya hoja za bibi yule juu ya uungwana wa ndege, mhudumu anapaza sauti jikoni: kuku wa kukaanga, sahani tatu! Jirani alicheka mpaka akapaliwa.

Bibi yule hata anakumbusha habari za shakwe waliopotea kwenye ukungu huko Santa Cruz wakafuata taa za mji. Hilo lilitokana na kisa cha kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1961, watu wa Capitola, kando ya ghuba ya Monterey, waliamshwa na vishindo: mamia ya ndege wa baharini walikuwa wakijigonga kwenye mapaa na nguzo, wakitapika dagaa barabarani, na waliotoka na tochi wakawaona wanaifuata tochi. Gazeti la Santa Cruz Sentinel liliandika, na Hitchcock, aliyekuwa tayari anashughulikia hadithi ya Daphne du Maurier ya mwaka 1952, akaagiza nakala. Miaka 50 baadaye wanasayansi walizipima sampuli za viumbe vidogo vya baharini zilizohifadhiwa tangu mwaka ule, wakakuta humo mwani mdogo sana unaotoa sumu ya asidi ya domoiki. Sumu hiyo huingia kwenye samaki wadogo na kumvuruga ubongo ndege anayewala.

Nilipomaliza kueleza, jirani aliridhika kama mtu aliyerudishiwa chenji. Mimi naona maelezo hayo ni mazuri na yangeiua picha. Mtu akiingia mgahawani na kusema ni dagaa wenye sumu, tunakwenda nyumbani kulala. Hitchcock alimpa kila mmoja pale zamu ya kusema, kisha akawachomea kituo cha mafuta mbele ya macho yao. Shambulio linapopita, yule bibi mtaalamu amekaa kawapa mgongo, hana neno.

Kabla ya hapo jirani alikuwa ameshapata mchawi wake. "Mwanamke huyu ana nuksi. Kabla hajafika, kijiji kilikuwa salama." Mama mwenye watoto wawili anasema yaleyale. Amewakumbatia wanawe, anamkazia macho Melanie na kumwambia kwamba yeye ndiye chanzo, kwamba yeye ni mwovu. Ila kamera imewekwa mahali pa Melanie. Kwa hiyo mama yule anatutazama sisi, anatulaani sisi, sebuleni kwetu. Jirani alijikohoza na kuomba kahawa nyingine.

Mama mkwe hakuwa na hamu ya sababu. Amezaliwa pwani, na kunguru anawajua: hawa weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 wasaidie kula taka, wakazaana mpaka wakaijaza pwani yote. Wakiwa na makinda wanakushukia kichwani ukipita chini ya mwembe wao, na hawakuulizi umekosa nini. "Ndege akikasirika kakasirika," alisema. Alikaza macho mahali pengine tu, na sehemu iliyomvuta zaidi ni ile ya darini.

Melanie anapanda peke yake na tochi, usiku, wenzake wamelala. Anafungua mlango. Dari imetoboka na ndege wamejaa chumbani. Kwa dakika mbili hivi anawakinga kwa mikono, wanamparura, nguo inachanika, mikono inachoka, na taratibu anateleza kuelekea sakafuni. Hakuna muziki. Ni mbawa na pumzi yake.

"Huyu haigizi," mama mkwe alisema.

Nilikuwa sijamwambia kitu. Nilisubiri picha iishe, wabishane juu ya mwisho wake, ndipo nikaeleza. Tippi Hedren, mwanamitindo aliyemwigiza Melanie katika sinema yake ya kwanza kubwa, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 2016 kwamba aliahidiwa ndege wa mitambo. Siku ya kupiga picha akaambiwa mitambo haifanyi kazi. Akakuta tundu kubwa, na wanaume waliovaa glavu nene za ngozi wakimtupia ndege hai. Ilikuwa siku tano. Siku ya mwisho ndege walifungwa kwenye nguo yake kwa mipira, na mmoja akamkwaruza karibu na jicho. Aliketi chini akalia. Daktari akaamuru apumzike wiki nzima. Ameeleza pia kwamba Hitchcock alikuwa akimsumbua kimapenzi na kumdhibiti, naye akimkataa. Mwongozaji alifariki mwaka 1980.

Sebule ilitulia. Kwenye mgahawa ule kila mtu alisema lake juu ya ndege, na sisi tukarudia yaleyale kwa saa mbili bila kujua. Hili la mama mkwe halikusemwa mle.

Mpwa wangu aliinua tena rimoti. "Ngoja niirudishe ile ya darini, nimwangalie vizuri."

"Umeshamwona," mama mkwe alimwambia. "Zima, mjukuu wangu."

Akazima.