Ukuta wa Pinki Unakuita, Lakini Jina Kwenye Simu Ndilo Linalolipwa

Ukishuka matatu Moi's Bridge, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, kisha uulize duka fulani liko wapi, mara nyingi hutatajiwa jina. Utaambiwa tu, "Pita hizo zote za kijani, utaona ile ya zambarau." Mji wenyewe ulishabadilishwa jina, zamani ukiitwa Hoey's Bridge, lakini kwa maduka watu wetu hawahangaiki na majina. Rangi ndiyo anwani.

Sisi tunaoshughulika na malipo ya simu tunalipenda jambo hili, na pia linatutia wasiwasi kidogo. Tueleze.

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, kijani kimekuwa ishara ya mahali pa kuweka na kutoa pesa. Airtel nao wana nyekundu yao. Mwenye duka anaambiwa atapakwa ukuta bure, anakubali, na kwa kweli anapendeza. Shida ni kwamba ukuta huo sasa unatangaza kampuni, wala si yeye. Majirani watano wakipakwa kijani, mteja atajuaje lako ni lipi? Tena kampuni hubadilika. Mtandao tunaouita Airtel leo ulianza kama Kencell mwaka 2000, ukawa Celtel 2004, Zain 2008, kisha Airtel 2010. Mwenye duka aliyekuwa amewapa ukuta alibadilishiwa sura kila wenyewe walipobadilisha jina. Na usisahau kaunti: ukuta wenye nembo unaweza kuhesabiwa tangazo, na tangazo lina ada. Uliza ni nani atalipa kabla brashi haijagusa ukuta.

Ndiyo maana tunawaelewa wanaochagua pinki, zambarau au manjano ya kuumiza macho. Rangi kama hiyo ni yako mwenyewe. Mtoto akitumwa sukari hapotei, na boda boda akiambiwa "kwa ile ya pinki" haulizi mara mbili. (Ila chini, mpaka usawa wa magoti, paka rangi nzito. Matope ya mvua hayajali mtindo.)

Sasa wasiwasi wetu. Mteja anakujua kama duka la pinki. Simu yake haijui pinki. Akiingiza nambari yako ya Till, anaona jina ulilosajili: pengine jina lako la kitambulisho, pengine la biashara uliyofunga miaka minne iliyopita. Hapo mmoja anashtuka na kukatiza malipo, na foleni inasimama. Mwingine anasema "ah, ni sawa tu" na analipa. Huyu wa pili ndiye anayetuhangaisha zaidi. Akizoea kulipa majina asiyoyajua kwa sababu ameuamini ukuta, siku mtu akija usiku na kubandika karatasi yenye nambari nyingine juu ya yako, atamlipa mwizi huyo huku amesimama mbele yako. Wewe utakuwa umetoa bidhaa, yeye atakuonyesha ujumbe kwamba amelipa, na mtaanza kugombana nyote mkiwa wakweli.

Kwa hivyo, mwenye duka, paka ukuta rangi unayotaka, lakini andika nambari yako NA jina linalotokea kwenye simu, pamoja, kwa herufi kubwa. Rangi ya ukutani ni ngumu kubandua kuliko karatasi. Kila asubuhi ukifungua, jilinganishie nambari hizo. Nawe mteja, huduma nyingi hukuonyesha jina la anayelipwa kabla pesa hazijaondoka. Lisome kwa sauti: "Ni wewe?" Hakuna aibu hapo. Ukishalipa, ngoja mwenye duka apate ujumbe kwa simu yake, asitegemee wako.

Kwa wakala ni vilevile. Tuseme ni msimu wa mahindi, umeuza magunia na pesa imeingia kwa simu. Unaingia duka lenye rangi ya kampuni, unaambiwa floti imeisha, "toa kwa nambari hii nyingine." Ukiona jina lisilolingana na lililoandikwa hapo dukani, acha, enda duka linalofuata. Ukuta wa kijani unaweza kupakwa na yeyote mwenye mkebe wa rangi. Na PIN yako hata wakala halisi haihitaji.

Jambo lingine ambalo watu wengi hawalifikirii ni taa. Siku hizi vinyozi, saluni na baa ndogo wanapenda balbu nyekundu au za bluu, na wengine hutoa pesa humo humo. Noti zetu za 2019 tunazitambua kwa rangi: 50 nyekundu, 100 zambarau, 200 bluu, 500 kijani, 1000 kahawia. Chini ya mwanga mwekundu, bluu na kijani zote zinageuka kuwa kama nyeusi. Ukihesabu haraka haraka, unaweza kupokea 200 ukidhani ni 500, na shilingi 300 zimekwenda bila mtu yeyote kuiba. Wakala naye anaweza kukuzidishia hivyo hivyo, kisha jioni hesabu ikataa kusimama.

Soma tarakimu, usitegemee rangi. Hesabu noti hapo mlangoni penye mwanga wa jua kabla hujaondoka, kwa sababu ukishafika stendi ni neno lako dhidi ya lake. Na kama duka ni lako na taa nyekundu huwezi kuiacha, weka balbu moja nyeupe juu ya kaunta ya pesa.