Je, Wafu Wanatusikia?

Mwaka huu kalamu yangu imenileta kwenye jambo zito, lakini usiogope, twende pamoja polepole.

Nyanya yangu, aliyekuwa akiuza nazi soko la Kongowea, alifariki mwezi wa Aprili. Usiku wa matanga tulikuwa tumeketi mikekani, na mama mkubwa akasema, "Mama anatuona sasa hivi. Yuko na Bwana." Mjomba, ambaye ni Msabato, akamjibu kwa upole, "Dada, mama amelala. Hajui kitu mpaka parapanda ilie." Basi! Usingizi ukatutoka sote.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kusikiliza. Wiki moja kabla nyanya hajalazwa, aliniomba nimbebee gunia la nazi, nami nikamjibu vibaya. Sikuwahi kumwomba radhi. Kama anasikia, naweza kumwambia kaburini. Kama amelala je, nimwambie nani?

Nikaanza kutafuta. Ajabu ni kuwa pande zote mbili zinashika Biblia ile ile. Waadventista wa Sabato, walioanza kazi Kenya mwaka 1906 huko Gendia, hufundisha kwamba wafu hawana fahamu. Mashahidi wa Yehova nao husema hivyo. Hutaja Mhubiri 9:5, na pia Yohana 11, ambapo Yesu aliita kifo cha Lazaro usingizi. Tena Lazaro alikaa kaburini siku nne, na hatusomi popote kwamba alisimulia alichokiona.

Waanglikana wengi na Wakatoliki wanaona vingine. Wao hutaja Luka 16, ambapo tajiri aliyekufa anazungumza na Ibrahimu, na Wafilipi 1:23, Paulo anapotamani kuondoka akae na Kristo. Wakatoliki huwaombea marehemu walio toharani, hasa tarehe 2 Novemba.

Kisha kuna yule mwizi msalabani, Luka 23:43. Hapa wapenzi wa sarufi mtafurahi! Ugomvi wote ni wa alama ya mkato. Ukiiweka kabla ya neno "leo", mwizi aliingia peponi siku ile ile. Ukiiweka baada yake, Yesu alitoa ahadi siku ile, na pepo ni ya baadaye. Nakala za kale za Kigiriki kwa kawaida hazikuwa na alama hizo, kwa hivyo kila mfasiri huamua mwenyewe.

Wala ubishi huu haukuanza matangani kwetu. Papa Yohane wa 22 alihubiri mwaka 1331 kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu kikamilifu kabla ya siku ya hukumu. Wanachuoni wakampinga vikali, akayakana maneno hayo kabla hajafa mwaka 1334. Mwaka 1336 Papa Benedikto wa 12 akaamua kwamba roho zilizotakasika humwona Mungu hata kabla ya ufufuo. Baadaye Luther alipenda kukiita kifo usingizi, lakini Calvin akachapisha kitabu mwaka 1542 kuwapinga wasemao roho hulala.

Hata hivyo, nimegundua kwamba mama mkubwa na mjomba wanakubaliana juu ya jambo moja kubwa: wafu watafufuka. Wanabishana tu kuhusu kungoja kwenyewe. Nadhani Krapf naye alishika tumaini hilo alipomzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande wetu huu wa bara, Julai 1844.

Mwishowe nilimwendea mjomba, nikamweleza habari za gunia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ikiwa nyanyako amelala, Mungu hajalala. Mwambie Yeye." Mama mkubwa alikuwa akikuna nazi kando yetu. Akaitikia, "Hapo ndugu yangu umesema."

Nilifanya hivyo, nikapata nafuu. Lakini msomaji, yule uliyemkosea wewe pengine yu hai, na hakuna kanisa linalobisha kwamba anasikia. Mwendee leo.