Kupigwa Msasa, Kunolewa na Kuongezewa Ujuzi: Msamiati wa Mafunzo Kazini

Taarifa za ofisi siku hizi hazikosi sentensi kama hii: "Wafanyakazi wetu watapigwa msasa." Nyingine husema kwamba watanolewa, watajengewa uwezo au wataongezewa ujuzi. Waandishi wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni visawe. Kwa hakika si visawe, na tofauti zake humgusa mfanyakazi moja kwa moja.

Mzizi wa neno

Neno mafunzo lina uhusiano na kitenzi kufunda, ambacho leo husikika zaidi katika unyago, mwali anapofundwa na kungwi. Katika unyambuaji, sauti d hugeuka z: penda huzaa mpenzi, linda huzaa mlinzi; vivyo hivyo funda hutupatia funzo, mwanafunzi na mkufunzi. Anayefundwa huandaliwa kwa jukumu mahususi. Ndiyo maana tunasema elimu ya msingi, lakini mafunzo ya udereva.

Kulainisha si kuongeza

Msasa hulainisha ubao uliopo, hauongezi ubao. Kunoa nako hurudisha makali ya kisu kilekile. Basi kupigwa msasa na kunolewa kunafaa pale mfanyakazi anapokumbushwa au kuimarishwa katika jambo alilokwisha kulijua. Karani aliyezoea daftari la mkono, akafundishwa kutunza hesabu kwa kompyuta, ameongezewa ujuzi: kazi ni ileile, uwezo umepanuka. Akihamishiwa kwenye ufundi wa umeme, huyo amefunzwa kazi mpya, wala msasa hautoshi kueleza safari yake. Kujengewa uwezo ni dhana pana zaidi. Idara iliyopewa vitendea kazi vipya yaweza kusemwa imejengewa uwezo hata kama hakuna mtumishi wake aliyeingia darasani.

Utata wa "kazini"

Kiambishi -ni huonyesha mahali, lakini "kazini" hutaja pia hali ya kuwa umeajiriwa. Kwa hiyo "mafunzo kazini" yaweza kuwa mafunzo yanayotolewa penye kazi yenyewe, au mafunzo ya mtu aliyekwisha kuajiriwa, hata yakifanyika chuoni mbali na ofisi yake. Nchini Tanzania, jina Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) linawataja walimu ambao tayari wameajiriwa. Mpango huo huwakutanisha walimu shuleni mwao katika jumuiya za kujifunza, hivyo maana zote mbili zinakutana humo. Pasipo na muktadha kama huo, mfasiri aondoe utata: aandike "mafunzo kwa walioajiriwa" au "mafunzo kwa vitendo mahali pa kazi". Kwa anayejifunza kazi chini ya fundi, tuna neno letu: mwanagenzi.

Nani mtenda?

Hapa ndipo sarufi inapogusa mfuko. Linganisha sentensi hizi:

1. Mwajiri atamwongezea mfanyakazi ujuzi.
2. Mfanyakazi ataongeza ujuzi wake.
3. Mfanyakazi ataongezewa ujuzi.

Ya kwanza inamtwika mwajiri wajibu. Ya pili inauhamishia kwa mfanyakazi, kama kiambishi -ji- cha kujifunza kinavyofanya. Ya tatu, kwa kauli yake ya kutendwa, inamficha mtenda: ahadi ipo, mwenye ahadi hayupo. Katika habari ya gazeti kauli hiyo haina madhara makubwa. Katika mkataba au sera ya mafunzo, inaacha wazi swali la nani atalipa ada, na kama saa za masomo zitahesabiwa kuwa saa za kazi.

Mfasiri akikuta matini chanzi imemtaja mtenda, asimfiche kwa sababu tu kauli ya kutendwa inapendeza sikioni. Na kama matini yenyewe haimtaji, asimbuni. Amuulize mwenye matini kabla mkataba haujatiwa saini.