Unauza Nyumba DMV? Pa Kutia Hela na Pa Kuziacha

Kwa wengi wetu tunaoishi Washington, Maryland na Virginia, eneo lote tunaloliita DMV, nyumba ndiyo akiba kubwa kuliko zote. Kiwanja cha Kibaha au Kitengela hakifiki hapo, wala fedha za chama. Akiba yenyewe ni ile nyumba ya Laurel, Silver Spring, Bowie au Woodbridge ambayo kila mwezi inakula sehemu kubwa ya mshahara. Siku ya kuiuza ikifika, matayarisho ya wiki sita hadi nane yanaweza kuamua kama utaondoka na mtaji wa maana au na chenji.

Na siku hiyo wakati mwingine inafika bila hodi. Machi 2025 karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika, wakiwemo wa Idhaa ya Kiswahili, waliwekwa likizo ya lazima. Mwaka huohuo serikali kuu ikafungwa siku 43, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12. Katika mji unaoishi kwa mshahara wa serikali, mambo hayo yanawagusa wauzaji na wanunuzi pamoja. Anayeuza mbiombio bila kujiandaa ndiye anayeuza kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo hata kama huuzi mwaka huu, soma hadi mwisho.

Anza na hesabu, rangi baadaye

Ipigie simu benki yenye mkopo wako, uliza deni lote lililobaki ukilipa kwa mkupuo. Halafu fanya hesabu kama hii, ambayo ni ya mfano tu. Nyumba inauzwa dola 500,000. Deni ni 260,000. Mawakala wanachukua asilimia 5, yaani 25,000. Kodi na ada za kuhamisha hati kwa upande wako, tuseme 7,000. Matengenezo na usafi, 4,000. Mnunuzi anaomba punguzo baada ya ukaguzi, 3,000. Kinachobaki mkononi ni dola 201,000. Wengi hupiga hesabu ya 500 kutoa 260, wakaanza kuahidi ndugu nyumbani hela ambazo hazipo. Usiahidi mtu kabla ya kuona namba ya mwisho.

Kodi za kuhamisha hati zinatofautiana kwa kila upande wa mto. D.C. muuzaji hulipa asilimia 1.45 kwa nyumba ya dola 400,000 na zaidi. Prince George's kaunti peke yake inatoza asilimia 1.4, mbali na ya jimbo, na kwa kawaida muuzaji na mnunuzi hugawana. Wakala akuandikie makadirio yote kwenye karatasi kabla hujasaini chochote.

Mjue mnunuzi wako

Nyumba nyingi tunazomiliki huku ni za watu wanaonunua kwa mara ya kwanza. Wengi wao wanakuja na mkopo wa FHA, ambao unaruhusu kuanza na asilimia 3.5 tu ya bei. Wengine ni wanajeshi na waliowahi kuwa wanajeshi, maana tumezungukwa na Pentagon, Fort Belvoir, Fort Meade na Andrews. Hao wanatumia mkopo wa VA.

Mikopo hii ina macho makali. Mthamini wa FHA akikuta rangi inabanduka kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, ngazi haina mkono wa kushikia, au paa linavuja, anaandika, na mkopo unasimama hadi irekebishwe. Wakopeshaji wa VA huku kwetu huhitaji ukaguzi wa mchwa. Kwa hiyo kabla ya kufikiria marumaru mpya jikoni, malizana na vitu vinavyoweza kuua mkopo wa mnunuzi. Ukiviacha, umebaki na wanunuzi wenye hela taslimu, na hao wanajua kushusha bei.

Matengenezo yanayolipa

Tusidanganyane: jiko jipya la kifahari mara nyingi halirudishi hela zake mwaka uleule unaouza. Mnunuzi ana ladha yake, huenda akaling'oa. Yanayolipa ni madogo na yanayoonekana:

- Rangi ya ndani, moja, nyepesi, nyumba nzima. Kile chumba cha zambarau cha binti nacho kipakwe.
- Bomba linalodondosha, choo kinacholia usiku kucha, mlango usiofunga, taa iliyoungua. Mnunuzi akiona vitano vidogo, anajiuliza vikubwa vilivyofichwa ni vingapi.
- Kapeti lisafishwe kitaalamu. Kama lina madoa yasiyotoka, litolewe. Nyumba nyingi za zamani za huku zina sakafu ya mbao nzuri chini yake.
- Mifereji ya paa isafishwe, na maji yaelekezwe mbali na ukuta. Besimenti nyingi zenye unyevu hapa zinaanzia kwenye mifereji iliyoziba.
- Mtambo wa joto na baridi ukaguliwe, uwekewe chujio jipya, na risiti ibaki mezani siku ya wageni.

Kama nyumba ilijengwa kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na katikati ya 1990, angalia mabomba. Kuna mabomba ya plastiki ya kijivu yaitwayo polibutilini yaliyotumika sana kipindi hicho, na yanajulikana kwa kupasuka ghafla. Mkaguzi yeyote wa hapa atayatambua. Ni afadhali ujue mapema, upate bei ya fundi, kuliko kubishana na mnunuzi akiwa na ripoti mkononi.

Harufu, mizigo na picha

Hapa tuongee kama ndugu. Pua ya mwenye nyumba imezoea. Samaki wa jana, vitunguu vya pilau, udi wa Ijumaa, vyote vimeingia kwenye pazia na kapeti, na wewe huvisikii tena. Wiki mbili kabla ya wageni, fua mapazia, osha chujio la feni ya jikoni, fungua madirisha. Na usijaribu kuficha harufu kwa udi au dawa ya kupuliza. Mnunuzi akisikia harufu kali anajiuliza kinachofichwa ni nini.

Mizigo je? Sisi watu wa kontena tunajuana. Mapipa, masanduku, friji ya kupeleka nyumbani, matairi, mashine ya kufulia ya shangazi: vyote viko besimenti vikisubiri meli. Mnunuzi haoni mizigo, anaona nyumba ndogo. Kodisha stoo kwa miezi miwili, au safirisha sasa. Makabati nayo yabaki nusu tupu, maana watayafungua. Picha za harusi na za wazee zihifadhiwe kwa heshima. Hakuna ubaya nazo, ila mgeni anatakiwa ajione yeye akiishi pale.

Dhahabu, dawa, pasipoti na barua za benki usiziache ndani siku ya wageni. Watapita watu usiowajua hata kidogo.

Besimenti na mpangaji

Wengi tumelipa mkopo kwa msaada wa mpangaji wa chini. Ni jambo jema, ila lina maswali mawili.

La kwanza ni kibali. Kama fundi wa mtaani alikuongezea bafu au chumba bila kibali cha kaunti, litajulikana, kwa sababu wanunuzi na mawakala wao hukagua kumbukumbu za vibali. Ukitangaza vyumba vitano wakati cha tano hakina dirisha la kutokea moto ukiwaka, unajitafutia matatizo. Kanuni ya ujenzi inayofuatwa sana Marekani inataka chumba cha kulala cha chini kiwe na dirisha ambalo kizingiti chake hakizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Kama halipo, kitangaze kama chumba cha ziada. Au nenda kaunti ukaulize namna ya kupata kibali baada ya kazi. Inawezekana, lakini huchukua muda.

La pili ni mpangaji mwenyewe. D.C. kuna sheria ya 1980 iitwayo TOPA, inayompa mpangaji nafasi ya kununua kabla ya mtu wa nje. Mwaka 2018 nyumba nyingi za familia moja ziliondolewa kwenye sheria hiyo, lakini zipo hali za wazee na wenye ulemavu zinazobaki kulindwa, na marekebisho yameendelea. Kama unauza D.C. na kuna mtu anakulipa kodi, hata kama ni binamu, muone wakili wa nyumba kwanza. Kuongea na mpangaji mapema kwa adabu pia kunasaidia: ndiye atakayefungua mlango siku za maonyesho.

Makaratasi yasikukute njiani

Maryland inakupa fomu yenye njia mbili: eleza unayoyajua kuhusu nyumba, au uza kama ilivyo. Lakini hata ukichagua kama ilivyo, kasoro iliyojificha unayoijua na inayohatarisha afya au usalama lazima uiseme. D.C. ina fomu yake ya muuzaji. Virginia humwachia mnunuzi sehemu kubwa ya kujichunguzia, ila kudanganya au kuziba ufa makusudi ni kesi kokote.

Nyumba ya kabla ya 1978 inahitaji tamko kuhusu rangi yenye risasi, na hii ni sheria ya nchi nzima. Montgomery County, tangu Oktoba 2016, nyumba ya familia moja lazima ipimwe gesi ya radoni kabla ya mauzo kukamilika. Radoni haina rangi wala harufu, na husababisha saratani ya mapafu. Kipimo kikifika pikokyuri 4 kwa lita au zaidi, mamlaka ya mazingira ya Marekani inashauri urekebishe, kwa kawaida kwa bomba na feni ya kuitoa nje. Ukiwa kwenye HOA au kondo, agiza hati zao mapema. Mnunuzi ana siku kadhaa za kuzisoma na haki ya kujitoa, na hati zikichelewa saa yake nayo inachelewa.

Wakala na wakati

Tangu Agosti 17, 2024, malipo ya wakala wa mnunuzi hayatangazwi tena kwenye mfumo wa orodha za nyumba, ambao kwetu ni Bright MLS. Bado unaweza kukubali kumlipa, lakini ni jambo la kujadiliana, na hakuna asilimia iliyowekwa na sheria. Zungumza na mawakala watatu. Usimchukue mtu kwa sababu tu mnasali pamoja. Muulize ameuza nyumba ngapi mtaa wako mwaka huu, na zilikaa siku ngapi.

Msimu mzuri huku ni Machi hadi Juni, kwa sababu familia zinataka kuhamia kabla shule hazijafunguliwa. Na bei ya kwanza iwe ya kweli. Nyumba iliyotangazwa juu ikashushwa mara tatu watu huiona kama ina kasoro.

Hela ikishaingia

Kama nyumba umeimiliki na kuishi ndani angalau miaka miwili kati ya mitano kabla ya kuuza, faida hadi dola 250,000 haitozwi kodi ya serikali kuu, au 500,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Wengi hukwama hapa: unarudi Dar au Nairobi, unaipangisha nyumba, miaka inapita. Ikizidi mitatu tangu uhame, kwa kawaida nafuu hiyo imekwenda. Na ukiuza ukiwa si mkazi tena wa Marekani kikodi, sheria ya FIRPTA inamtaka mnunuzi akate hadi asilimia 15 ya bei nzima, si ya faida, na kuipeleka IRS. Unaweza kurudishiwa kilichozidi, lakini utasubiri. Maryland nayo ina makato yake kwa wauzaji wasio wakazi wa jimbo. Ukipanga kurudi nyumbani, muone mhasibu kabla ya kukata tiketi.

Siku za mwisho, matapeli hutuma barua pepe zenye namba mpya ya akaunti. Usiamini hata moja. Ipigie kampuni ya hati kwa namba uliyopewa tangu mwanzo.

Ukituma nyumbani, tuma kutoka akaunti ya benki. Tangu Januari 1, 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa kwa keshi, hawala ya karatasi au hundi ya benki. Zinazotoka kwenye akaunti au kadi ya benki ya Marekani hazimo. Na akaunti zako za nje zikipita jumla ya dola 10,000 hata kwa siku moja, kuna taarifa ya FBAR ya kujaza kila mwaka. Ni taarifa tu, haina kodi, lakini faini ya kutojaza inauma.

Wiki hii fanya mambo mawili tu: ulizia deni lako, na shuka besimenti ukiwa na daftari. Andika kila kitu ambacho mgeni angekiona. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia uanzie wapi.