Je, Wajua? Maikrowevu Huweza Kuifanya Taa Yako Isitii
Taa, soketi na kengele za mlango zinazoendeshwa kwa simu aghalabu hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Maikrowevu nayo hupasha chakula kwa mawimbi ya takriban gigahezi 2.45, na kiasi kidogo huvuja hata mlango ukiwa umefungwa. Hakidhuru mwili, lakini chatosha kuvuruga Wi-Fi. Basi taa ikigoma kila wali unapopashwa moto, tafadhali usikimbilie kununua nyingine! Iondoe ruta jikoni, iweke juu, isijifiche nyuma ya friji wala tangi la samaki: chuma huakisi mawimbi, maji huyafyonza. Simu na televisheni zihamishie gigahezi 5, ili zile taa zipate nafasi; nyingi hazina redio ya masafa hayo.