Mzizi wa Bandia, Si Jino la Bandia

Katika maelezo ya hospitali yanayofasiriwa kwa Kiswahili, maneno "jino la bandia" yaweza kubeba vitu viwili vilivyo mbalimbali: jino linalovaliwa na kuvuliwa, na kifaa kinachotiwa ndani ya mfupa wa taya. Kosa hili si dogo. Mgonjwa aelezwapo kwamba atawekewa "jino la bandia", huenda akatia sahihi fomu ya ridhaa pasipo kufahamu kwamba mfupa wake utatobolewa.

Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, kwamba titani hushikamana na mfupa ulio hai. Mwaka 1965 alianza kuitumia kwa meno ya binadamu. Kifaa chenyewe ni mfano wa parafujo, nacho hushika nafasi ya mzizi. Jino hufungwa juu yake baadaye. Kwa hiyo tunapendekeza kiitwe "mzizi wa bandia". Neno "kipandikizi" limekwisha kuzoeleka katika uzazi wa mpango, kwa vijiti viwekwavyo chini ya ngozi ya mkono.

Ama mfupa wa taya, hupungua baada ya jino kung'olewa, hata pengine usitoshe kuushika mzizi. Hapo zipo njia kadhaa, na kila moja yahitaji jina lake:

(a) Kupandikiza mfupa. Kitenzi hiki chafaa hapa, kama tusemavyo kupandikiza miche au figo. Mfupa waweza kutoka kidevuni au nyongani mwa mgonjwa mwenyewe, kwa mtu mwingine, au kwa ng'ombe au nguruwe. Upo pia uliotengenezwa kiwandani. Mfasiri asiache kutaja asili yake, maana wako wagonjwa ambao jambo hilo lahusu dini yao.

(b) Kuinua utando. Juu ya magego ya taya la juu pana uwazi wenye hewa. Utando wa uwazi huo huinuliwa, na mfupa hujazwa chini yake.

(c) Mizizi ya kuinamishwa. Mizizi minne, miwili ya nyuma ikiinamishwa, yaweza kubeba safu nzima ya meno, mara nyingi pasipo kupandikiza mfupa.

(d) Mizizi ya mfupa wa shavu. Hii ni mirefu, na hushikwa na mfupa wa shavu pale taya la juu lisipotosha.

Tendo la mfupa kuikamata titani tunapendekeza liitwe "ushikamano". Kwa kawaida huchukua miezi kadhaa, kwa hiyo neno "kupona" halitoshi: ufizi waweza kupona kabla mzizi haujashikamana.

Kipimo cha istilahi hizi ni kimoja: je, mgonjwa akisha kusoma, ataweza kueleza kwa maneno yake ni kitu gani kitakachotiwa, mahali gani, na kimetoka wapi? Asipoweza, ridhaa yake bado haijapatikana.