Popo Aliyejigeuza Filimbi

Wanangu, sogeeni karibu na pangaboi hili la mezani. Kabla sijaliwasha, natia alama nyekundu kwenye panga lake moja. Tufanye linazunguka mara 23 kwa sekunde, na kamera yetu, kama zile za sinema, inapiga picha 24 kwa sekunde. Kila picha inaikuta alama haijamaliza duara, imepungukiwa kidogo tu. Inayofuata inaikuta imepungukiwa zaidi. Mkitazama video mtaiona alama ikirudi kinyumenyume, polepole, duara moja kwa sekunde nzima. Kamera ni nzima na kila picha ni ya kweli. Uongo umezaliwa kati ya picha na picha, pale ambapo hapakuwa na wa kutazama.

Sauti nayo hunaswa hivyo hivyo. Mashine ya kurekodi huupima mtetemo, huandika namba, hupima tena. Kila kipimo huitwa sampuli, na CD hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde. Mbona nyingi hivyo? Kwa sababu mtetemo hupanda na kushuka, na lazima yote mawili yaonekane. Harry Nyquist, mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi Marekani, alifungua njia ya hesabu hii mwaka 1928 akichunguza telegrafu, na Claude Shannon akaithibitisha mwaka 1949: sampuli ziwe zaidi ya maradufu ya mtetemo wenye kasi kuliko yote. Sikio zuri la mtoto hufika mitetemo 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo 44,100 zinatosha.

Zinatosha, mpaka popo apite dirishani.

Popo wengi hulia juu kupita masikio yetu. Huyu wetu analia mitetemo 40,000. Sisi hatumsikii, ila maikrofoni nzuri inamsikia. Haya, 44,100 kutoa 40,000: zinabaki 4,100, na hiyo ndiyo sauti itakayotokea kwenye rekodi, kama filimbi nyembamba katikati ya wimbo. Popo kajigeuza filimbi. Lishikeni vizuri hili: namba za popo huyo hazina tofauti na namba za filimbi halisi ya 4,100. Hakuna fundi atakayezitenganisha, kama vile hakuna chujio litakalotoa chumvi iliyokwisha kuyeyuka mchuzini.

Ndiyo maana chujio hukaa mlangoni, kabla ya kipimo cha kwanza, sauti ikiwa bado ni umeme unaopanda na kushuka wayani. Rezista na kapasita zake hupitisha mitetemo ya chini na kuzuia ya juu. Lakini chujio la umeme halikati kama kisu. Huteremka kama kilima. Kwa CD, lipitishe mpaka 20,000, kisha liwe limeshaziba karibu na 22,050, nusu ya sampuli zote. Kilima kikali mno! Ni kazi ngumu kulijenga, na huvuruga mpangilio wa sauti za juu.

Mafundi wakapata njia ninayoipenda sana: kupima mara nane zaidi, sampuli 352,800 kwa sekunde. Sasa kilima kinateremka taratibu toka 20,000 hadi kupita 300,000, na vipande vichache vya bei nafuu vinakitosha. Popo anaingia, lakini anaingia akiwa 40,000, kwa jina lake mwenyewe. Humo ndani hesabu za kompyuta zinamtambua, zinamtoa, kisha katika kila sampuli nane inabakizwa moja.